Kitabu Alichokileta Tabutany

Iko siku moja, mwanangu Chelangat, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nakosa mahali pa kuweka mikono yangu. Mvua ilikuwa inanyesha na mkutano wa wazee ulihamia ndani ya darasa la nasari la hapa kwetu Tebeswet. Watu wazima walikalia vile viti vidogo vya watoto, magoti yakikaribia kidevu, na mimi nilisimama mbele na kijitabu mkononi. Nilikuwa nimeombwa nisome ukurasa mmoja tu. Nimefundisha watoto kusoma kwa zaidi ya miaka thelathini, na siku hiyo mbele ya majirani zangu nilishindwa kusoma.

Sikuwa na nia ya kukusimulia habari hii. Ni kile ulichonitumia jana kwa simu ndicho kimenikalisha mezani tangu asubuhi. Najua tangu urudi hapa nyumbani kutoka mjini kamati ya kanisa imekupa kazi ya kuandika historia ya Tebeswet, ichapishwe kabla ya sherehe ya kanisa, na nilianza kuisoma nikiwa na furaha. Umeeleza vizuri kwamba Tebeswet si kata wala lokesheni, na kwamba ukiitafuta kwenye ramani hutaiona. Sisi ni kokwet tu, yaani ujirani wa nyumba chache zinazojuana mpaka majina ya ng'ombe, kati ya bonde na barabara ya kwenda Mogogosiek, na kanisa letu, nasari yetu, maduka mawili na kituo cha kupimia majani chai. Nilicheka uliposema kwamba duka moja kati ya hayo mawili hufunguliwa mwenyewe akijisikia.

Halafu nikafika ukurasa wa pili. Umeandika hivi: "Bi Taplelei, mjane asiyejaliwa mtoto, alibahatika kupata mfanyakazi mwaminifu kwa jina Tabutany, ambaye aliishi naye hapo pamoja na watoto wake."

Niliiweka simu chini. Nikaichukua tena, nikasoma mara ya pili nikidhani macho yamenidanganya. Sentensi hiyo si yako, mwanangu. Niliiandika mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, nawe umeinakili neno kwa neno, hata koma zimekaa mahali pake. Uliikuta katika kijitabu cha zamani, ukaona jina la shangazi yako mwishoni, ukaamini. Sikulaumu hata kidogo. Lakini nilidhani sentensi ile imekwisha kazi yake mbaya, kumbe ilikuwa inangoja mtu wa kuipeleka tena kwa mchapishaji.

Sasa nisikilize mpaka mwisho. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kipsigis chako cha Nakuru kinachechemea. Usikasirike, unajua ni kweli.

Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, nangoja kwenda chuo cha ualimu, na hapa nyumbani nilijiona mtu mkubwa sana. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Wakati huo kanisa la mabati lilikuwa limekamilika, wageni walitarajiwa kutoka mbali, na wazee wakataka kijitabu kidogo kinachoeleza watu wa Tebeswet walitoka wapi na nani alitangulia kukaa wapi. Wakanipa mimi kazi hiyo. Nikanunua daftari, nikavaa viatu vya shule ingawa kulikuwa na matope, nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Nyumba ya Taplelei ilikuwa kwenye kona, juu ya kijito. Alikuwa mke wa kwanza wa marehemu arap Koske. Mzee huyo alikuwa na wake wawili na kila nyumba ilikuwa na shamba lake, kama ilivyo desturi. Nyumba ya pili ilikuwa na wana. Nyumba ya Taplelei haikujaliwa mtoto hata mmoja. Basi Taplelei alifanya walichofanya wanawake wengi wa Kipsigis kabla yake: alitoa ng'ombe, akaoa msichana. Msichana huyo ndiye Tabutany. Kwa mila yetu watoto aliowazaa Tabutany wakawa watoto wa nyumba ya Taplelei, na shamba la nyumba hiyo likawa lao. Hakuna aliyekuwa akiuliza swali. Ng'ombe walionekana wakipita barabarani, watu wakala, wakanywa, wakabariki.

Nilipofika walinikaribisha wote wawili. Tabutany alinimiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, na Taplelei, ambaye alikuwa mzee tayari, akanieleza bila kuficha kitu.

"Andika yote," aliniambia. "Andika nilitoa ng'ombe sita, na moja ilikuwa na ndama. Andika tulikaa siku mbili tukiimba."

Tabutany alikuwa amesimama karibu na moto. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi jina yangu itakuwa ndani?"

"Itakuwa ndani, Mama Kiprono," nikamjibu. Kiprono alikuwa mtoto wake wa kwanza, darasa la nne wakati huo.

Niliyaandika yote kwenye daftari. Ng'ombe, ndama, siku mbili za nyimbo, hata majina ya wazee waliokuja. Kisha nikarudi nyumbani, nikakaa kunakili kwa usafi, na nilipofika hapo kalamu ikasita. Nilimkumbuka msichana mmoja wa bweni letu ambaye alikuwa amenicheka mwaka mzima. "Eti kwenu wanawake huoana?" alikuwa akisema, na bweni lote likicheka. Nikawafikiria wageni wa kanisa wakisoma jambo hilo. Nikamfikiria mhubiri wetu wa siku zile, ambaye alikuwa ametuambia mambo ya namna hiyo ni afadhali yanyamaziwe. Kwa kweli niliona haya. Nilikuwa nimekunywa maziwa yao nikashiba, na nikawaonea haya.

Basi nikatunga ile sentensi. Niliipenda, Chelangat. Nilipenda sana neno "mwaminifu." Nilijiambia nimewasitiri, na kwamba hakuna atakayeumia kwa sababu wenyewe hawajui kusoma. Hilo la mwisho nilijiambia wazi kabisa, na leo nalikiri kwako ili ujue shangazi yako alikuwa mtu wa namna gani. Kijitabu kikapigwa chapa, kikagawiwa, kila nyumba ikapata chake. Nikaenda chuoni na kusahau.

Miaka ikapita. Taplelei akafariki, akazikwa kwake. Nilirudi nikafundisha katika shule yetu ya msingi, nikaolewa, nikazaa, nikastaafu. Kiprono akawa mwanamume mwenye watoto wake, akapanda chai upande wa juu na kufuga ng'ombe upande wa chini, na mama yake akazeekea hapo. Hati ya shamba ilikuwa bado ina jina la arap Koske, kama mashamba mengi ya huku, kwa sababu kila mtu alijua la nani liko wapi.

Miaka mitatu hivi iliyopita, Joel, mwana wa nyumba ya pili ya arap Koske, akaanza kusema nyumba ya kwanza haikuwa na mrithi. Alisema shamba lote ni la baba yake na linarudi kwa wana wa baba yake. Watu walidhani ni maneno ya pombe, ila Joel hanywi. Akapeleka barua. Ndipo wazee wa kokwet wakaita mkutano ule wa darasa la nasari.

Mwenyekiti alikuwa arap Mosonik, mzee mpole anayeongea polepole mpaka unataka kummalizia sentensi. Joel alisema yake. Kisha Tabutany akaulizwa kama ana shahidi. Nilimwona Kiprono akimshika mama yake mkono na kumnong'oneza, "Mama, acha hiyo kitabu." Tabutany akautoa mkono wa mwanawe, akafungua leso, akatoa kile kijitabu. Kilikuwa kisafi kuliko changu mwenyewe.

"Mimi sina maneno mingi," alisema. "Mambo yangu iliandikwa kitambo, na ikawekwa kanisani. Iko hapa. Na mwenye aliandika ako hapa, ni Mwalimu. Asome."

Akanipa. Nikasimama. Naapa kwako, mpaka dakika hiyo sikuwa nimekumbuka. Niliufungua ukurasa nikiwa na majivuno kidogo, nikitafuta miwani, na watu wakinisubiri. Nikaiona sentensi. Nilisoma maneno ya kwanza, "Bi Taplelei, mjane asiyejaliwa mtoto," nikainua macho, na nikamwona Tabutany akitikisa midomo. Alikuwa ananitangulia. Alikuwa anasema polepole, kwa moyo, kama mtu anayesema sala, "alitoa ng'ombe sita, na moja ilikuwa na ndama, akamwoa Tabutany."

Maneno hayo hayakuwa kwenye ukurasa. Nilitazama tena chini, nikatazama nyuma ya ukurasa, nikatazama tena. Hayakuwepo popote, maana mimi ndiye niliyekataa kuyaandika. Lakini yeye alikuwa anayajua kwa mpangilio, kama mtu aliyesomewa mara nyingi.

"Endelea, Mwalimu," arap Mosonik akasema.

Mwanangu, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa nisome yale aliyokuwa akiyasema yeye. Nani angejua? Lakini mtoto wa Joel, yule aliyesoma chuo, alikuwa amekaa kiti cha mbele akiniangalia mikono. Akasimama, akachungulia, akaona. Akasema kwa adabu tu, "Mwalimu, nikusaidie?" Akakisoma yeye, kwa sauti nzuri, mpaka mwisho. Mfanyakazi mwaminifu. Pamoja na watoto wake. Kisha akatoa simu na kuupiga ukurasa picha.

Tabutany hakulia. Alimtazama kijana, akanitazama mimi, akauliza, "Hiyo ni kitabu gani amesoma?"

"Ni hiki chako, Mama Kiprono," nikasema.

"Hapana," akasema. "Changu haina hiyo maneno."

Nilisema mbele ya wote kwamba nilidanganya. Nilieleza ng'ombe, ndama na nyimbo, nikaeleza na haya yangu. Nilitegemea wazee wangenikemea kwa ukali, na ningeshukuru wangefanya hivyo. Arap Mosonik hakunikemea.

"Mwalimu, mimi ndiye nilichunga hiyo ng'ombe siku hiyo," alisema. "Nilikuwa kijana. Sisi wote tunajua huyu ni mke wa hiyo nyumba. Lakini Joel hataishia hapa kwetu. Ataenda kortini, na huko hawatauliza mimi nilichunga nini. Watauliza karatasi iko wapi. Na karatasi ni wewe uliandika. Wewe peke yako kati yetu ndiye ulikuwa unajua kuandika, tukakupa watu wetu wote uwaweke hapo. Huyu ulimpeleka wapi?"

Nilimrudishia Tabutany kijitabu chake, akakifunga tena ndani ya leso.

Ilikuwa kama alivyosema mzee. Ilienda kortini. Niliapa hati ya kiapo, arap Mosonik akaja na fimbo yake, majirani wakaja. Wakili wa Joel hakunisumbua sana. Alinionyesha ukurasa, akaniuliza kama jina pale mwishoni ni langu, nikasema ni langu. Kisha akauliza, "Mwalimu, ulikuwa unadanganya wakati ule, au unadanganya sasa?" Nikasema wakati ule. Akasema, "Kwa hivyo wewe ni mtu anayeweza kuandika uongo na kutia jina lake." Nikasema ndiyo. Akakaa chini. Baadaye pande mbili zilikubaliana nje ya korti kwa sababu Kiprono alichoka na mama yake alikuwa mgonjwa. Joel alichukua upande wa juu, wenye chai. Kiprono akabaki na upande wa chini, wenye nyumba na kaburi la Taplelei. Nusu ya shamba ilipotea kwa sababu ya swali ambalo nililijibu kwa kweli tupu.

Baada ya hapo nilikwenda kwa Kiprono kuomba msamaha. Nilimkuta akikama. Nilisimama nje ya zizi na maneno yangu niliyokuwa nimeyapanga njiani, na nikayasema yote. Yeye aliendelea kukama mpaka ng'ombe akaisha maziwa. Ndipo nikamuuliza jambo lililokuwa linaninyima usingizi: ni nani aliyekuwa akimsomea mama yake maneno yasiyokuwepo.

"Ni mimi," alisema. "Siku hiyo kitabu ililetwa, mama aliniambia nisome pahali jina yake iko. Nikaona vile umeandika. Nilikuwa darasa la nne, Mwalimu, lakini nilielewa. Yeye alikuwa amekaa hivi, anangoja. Nikasoma ingine. Nikasoma vile Kogo Taplelei, nyanya yetu, alikuwa anatuambia. Baadaye alikuwa anataka nisome kila Krismasi, wageni wakija. Ikabidi nishike kwa kichwa nisikosee."

"Na mimi nilikufundisha," nikamwambia. "Nilikufundisha darasa la saba."

"Ndiyo. Mwaka mzima."

Alinyanyua ndoo akaenda kuchuja maziwa. Mimi nilibaki nimeshika mti wa zizi. Mtoto huyo alikaa kwenye dawati la pili kutoka mlangoni. Alikuwa akinifutia ubao bila kuambiwa. Kila asubuhi alisimama na wenzake na kusema "shikamoo Mwalimu," akijua kwamba mkono huu uliomfundisha insha ndio uliomwita mama yake mtumishi na kumfanya yeye asiwe mtoto wa nyumba yoyote. Siku moja nilimchapa kwa kusoma maneno ambayo hayamo kitabuni. Nilimwambia msomaji mzuri husoma kilichoandikwa. Nililikumbuka hilo pale zizini, nikakaa kwenye nyasi zenye umande.

Kwa hivyo, mwanangu, sikia ninachotaka kwako. Uifute sentensi ile leo, kabla hujala. Usiibadilishe kidogo wala usiipambe, ifute. Kisha vaa viatu vya matope uende kwa Tabutany. Bado yuko hai, macho yake yamefifia ila masikio yako sawa. Muulize, na akikujibu andika alivyokujibu, hata kama marafiki zako wa mjini watacheka. Ukimaliza usiondoke. Msomee. Msomee polepole, neno kwa neno, na Kiprono awe karibu asikie ukisoma kilichomo, kwa sababu mzigo huo ameubeba tangu utotoni na ni wakati autue. Kama kuna neno ambalo ungeona haya kulisoma mbele yake, basi neno hilo usiliandike. Fanya hivyo kwa kila nyumba ya Tebeswet, na ya Joel pia, maana naye ana haki ya kusikia anasemwaje. Ikichelewesha sherehe, waambie kamati nimesema mimi, waje wanigombeze.

Na usiniache mimi nje. Andika kwamba historia ya kwanza ya mahali hapa iliandikwa na msichana fulani, utaje jina langu lote, na useme alidanganya.

Mungu wa baba zetu akupe mkono usio na haraka na sikio linalovumilia. Akupe nyumba ambazo utakaribishwa tena baada ya watu kusoma ulichoandika, na akulinde usije ukasimama siku moja mahali niliposimama. Nenda sasa, wanakama saa kumi, utawakuta nyumbani.